Dirisha la Sita

Anayetaka kusoma habari za mtu mwenye moyo wa kusamehe atafute ukurasa mwingine. Huyu ni wifi yangu, na ninamwandika kama alivyo. Ana miaka sitini, mfupi, mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na kwa miaka thelathini na moja alimweka mtu mmoja kiporo. Alimpasha moto mwaka jana, Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya watu arobaini. Najua kwa sababu nilikuwepo, nimeshika jagi la maji ya wageni.

Jumba lenyewe ni la ghorofa moja, kuta za mawe, ngazi za mbao zinazolia ukizikanyaga. Zamani lilikuwa Ofisi ya Ardhi. Kila mwenye kiwanja au shamba wilaya nzima, hati yake ilikuwa mle. Chini, upande wa nyuma, ndipo ilipokuwa masijala: chumba kirefu chenye rafu kumi na mbili na madirisha sita yaliyopangwa ukuta mmoja. Juu yake, yaani juu kabisa ya vichwa vya makarani, alikaa Msajili wa Ardhi na meza yake kubwa na beseni lake la kunawia mikono, maana bwana yule hakutaka kushuka kunawa na watu.

Wifi yangu aliajiriwa masijala akiwa na miaka ishirini na minne. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeolewa na kaka yake, tunaishi nyumba moja, na nakumbuka siku yake ya kwanza kazini kwa sababu alirudi na mstari wa rangi ya kijani begani. Jumba lilikuwa limetoka kupakwa rangi na yeye kwa furaha zake aliegemea mlango. Gauni lilikuwa langu. Nilimsema wiki nzima.

Alikuwa karani hasa. Ungemtajia jina la babu yako, angekwenda moja kwa moja mpaka rafu yenyewe na kuchomoa jalada bila kusoma mgongoni. Wazee walikuwa wakimsubiri yeye hata kama kuna makarani wengine wamekaa bure. Kichwa kilimvimba kidogo, sikatai. Akija nyumbani alikuwa akituambia chakula kimewekwa rafu isiyo yake.

Halafu ikaja Jumatatu ile. Ijumaa maji yalikatika mji mzima, mabomba yakawa yanakohoa tu. Jumamosi yakarudi. Jumapili ikanyesha mvua ya kuezua mabati. Jumatatu asubuhi rafu ya saba ilikutwa imelowa chapachapa kuanzia juu mpaka chini, hati za watu mia tatu na zaidi zimekuwa uji. Msajili, aliyekuwa hajawahi kuonekana akibeba hata mwavuli wake mwenyewe, alivua koti akaanza kutoa majalada ya rafu za jirani na kuyaanika juani. Mpiga picha wa gazeti akamkuta hivyo, mikono ya shati imekunjwa, jasho linamtoka. Alipoulizwa imekuwaje, akanyoosha kidole kuelekea dirisha la sita, lililokuwa nyuma ya rafu ya saba. Karani aliyefunga masijala Ijumaa, yaani wifi yangu, aliliacha wazi, akasema.

Wifi yangu alisema jambo moja tu, siku hiyo na mbele ya tume iliyokuja baadaye: "Lile dirisha halifunguki." Tume ilikaa siku mbili katika ofisi nyingine, mtaa wa pili, ikinywa chai. Iliandika kwamba karani "alidai" dirisha halifunguki. Hakuna hata mmoja wao aliyenyanyuka kwenda kulisukuma.

Akafukuzwa. Watu waliopoteza hati walikuja mpaka mlangoni kwetu, na si kwa salamu. Mchumba wake, ambaye hati ya baba yake ilikuwa rafu ya saba, alisema anahitaji muda kidogo wa kufikiri. Nadhani bado anafikiri. Hakuna ofisi iliyomtaka tena, basi akaenda zahanati kufua mashuka, na amefua mashuka miaka ishirini na mitano, mikono mpaka leo imekakamaa kama ya mvunja kokoto. Na mji ukampa salamu yake. Dukani, kisimani, msibani, mtu akimwona atasema, "Umefunga dirisha?" Watoto waliozaliwa baada ya mvua ile walimwita Bi Dirisha bila kujua kwa nini.

Hata mimi. Ngoja niliseme sasa hivi kabla sijajipendelea. Mawifi hutaniana, na mimi utani wangu ulikuwa huo huo. Tukigombana jikoni, kitu cha kwanza kunitoka mdomoni: "Afadhali mimi nafunga madirisha." Na yeye? Anasuuza chombo chake, anatoka.

Ofisi ya Ardhi ilihamishiwa jengo jipya, jumba likafungwa kwa kufuli, popo wakahamia. Msajili alipanda vyeo, akastaafu kwa heshima, akajenga nyumba nzuri barabara ya juu. Miaka sita iliyopita ndipo mwalimu mmoja mstaafu, tunamwita Mwalimu tu, alipopata kibali cha kulifungua jumba na kulifanya mahali pa watu kuja kuona historia yao. Akabandika tangazo: wanatakiwa watu wa kujitolea, kufagia, kukarabati na kutembeza wageni, malipo ni chai. Wifi yangu alifika kabla gundi ya tangazo haijakauka. Mume wangu akaniambia, "Mfuate dada yangu. Usije ukasikia amelichoma moto." Ndivyo na mimi nilivyoingia.

Hakulichoma. Alilipapasa. Siku ya kwanza alizunguka vyumba vyote akigusa kuta kwa kiganja, na nilipomuuliza anatafuta nini akaniambia niendelee kufagia.

Mwalimu alikuwa na ugonjwa wake mmoja, kuchukia chuku. Mwanzoni kulikuwa na mzee mmoja miongoni mwetu aliyewaambia wageni kwamba chini ya ngazi kuna handaki linalokwenda mpaka kwenye nchi ya jirani. Wageni walifurahi sana, wawili wakang'oa ubao. Ndipo Mwalimu akaandika sheria na kuibandika nyuma ya mlango, na wote tukaiapia: "Unachokisema, kionyeshe kwa kidole. Usichoweza kukionyesha, kimeze."

Sheria ile ilimkaa wifi yangu kooni. Ukutani, mlangoni mwa masijala, ilitundikwa ile picha ya gazeti: Msajili na jasho lake, na maandishi chini yake kwamba hapa aliokoa hati za wilaya baada ya uzembe wa karani. Wifi alimfuata Mwalimu akamweleza. Mwalimu alimsikiliza vizuri, si mtu mbaya, kisha akasema, "Dada yangu, yeye ana picha. Wewe utanionyesha nini?"

Hakuwa na cha kuonyesha. Masijala ilikuwa imejazwa samani mbovu za serikali mpaka darini, meza za miguu mitatu, makabati yasiyo na milango, viti juu ya viti. Dirisha la sita lilikuwa huko ndani kabisa, halionekani. Basi akaomba apewe masijala iwe yake kuisafisha. Miaka mitano, nasema mitano, kila Jumanne na Ijumaa, alitoa kipande kimoja kimoja. Wengine tulikuwa tukipiga soga za chai, yeye anaburuta kabati. Siku moja aliniambia kitu kilichonichoma. "Wifi, wakati mwingine usiku nauona mkono wangu umeshika kitasa cha lile dirisha. Nauona kabisa, na bangili yangu. Nikiamka sijui tena kama nilikumbuka au niliota." Watu walimwambia mara nyingi mpaka naye akaanza kujishuku.

Alilifikia mwezi wa pili mwaka jana. Alikuja kuniita kwenye ngazi nikiwa napiga rangi ya viatu kwenye vishikio vya mbao, ndiyo rangi tuliyokuwa nayo. Alinishika kiwiko akanipeleka mpaka mwisho wa masijala, akanisimamisha mbele ya dirisha.

"Sukuma," akasema.

Nikasukuma. Nikasukuma kwa mikono miwili. Nikaweka bega. Lilikuwa kama nasukuma ukuta.

"Sasa tazama pembeni."

Kulikuwa na misumari minne, minene, imepigwa kwenye fremu, na rangi imeipita juu. Hakucheka wala hakulia. Alikuwa ananitazama mimi, si dirisha, na mimi nikajifanya kusafisha mikono kwenye kanga.

Tukamwita Brashi. Huyu ni mpaka rangi mstaafu, mwenzetu wa kujitolea, jina lake halisi hata mkewe halitumii. Alikwangua kwa kisu chake polepole. Juu bluu. Chini ya bluu, kijani. Chini ya kijani, misumari yenyewe, na chini ya misumari rangi ya maziwa.

"Hii kijani ni yangu," akasema Brashi. "Nililipaka jumba hili zima kijani. Na hili dirisha nilikuta limeshagongomelewa. Kitasa kilivunjika, wakasema ni kwa muda tu mpaka kiletwe kingine. Nikadhani kililetwa zamani."

"Mwaka gani?" wifi akamuuliza.

Brashi akakuna kidevu. Lakini mimi nilishajua, maana gauni lilikuwa langu. Kijani ile ilikuwa mbichi siku ya kwanza ya wifi kazini. Dirisha lilikuwa na misumari kabla yeye hajaingia mlangoni, na mvua ilikuja miaka minne baadaye.

Basi maji yalitoka wapi? Brashi akainua macho darini, sisi tukayafuata. Juu ya mahali ilipokuwa rafu ya saba, chokaa ilikuwa nyeupe kuliko kwingine. Akapanda ngazi yake, akakwangua, likatokea duara la rangi ya chai iliyomwagika. Tukakimbia juu, na umri wetu huu. Chini ya beseni la Msajili mbao tano za sakafu zilikuwa za mti mwingine, mpya kuliko nyingine, na zilizopakana nazo zimeoza kingo. Ijumaa maji yalikatika. Mtu akafungua bomba anawe, halikutoa kitu, akaliacha hivyo hivyo akaenda zake kwa mapumziko. Jumamosi maji yakarudi, beseni likafurika mpaka Jumatatu. Mtu huyo Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ufunguo wa juu. Alipotafuta wa kumtwisha, alinyoosha kidole kwenye dirisha lililo karibu zaidi, na kwa sababu hakuwahi hata siku moja kushinda masijala na makarani wake, hakujua kwamba dirisha lenyewe halifunguki.

Mwalimu alipoonyeshwa aliona aibu mpaka masikio. Akataka kuishusha ile picha saa hiyo hiyo.

"Iache," wifi akamwambia. "Kamati ya jumba si ilitaka kumwalika Msajili aje kama mgeni rasmi?"

"Ilitaka, na barua imeshaandikwa, lakini sasa..."

"Peleka barua ile ile. Aje azindue masijala. Mimi ndiye nitakayemtembeza."

"Huo ni mtego, dada yangu."

"Mwalimu, kuna neno lolote la uongo katika hiyo barua?"

Mwalimu akaisoma tena. Halikuwemo. Akaitia sahihi.

Nitasema ukweli, sijapata kumwona wifi yangu mchangamfu kama wiki tatu zile. Alipiga pasi gauni lake mara mbili. Alikuwa anaimba. Mume wangu akauliza kama dada yake ana mchumba, nikamwambia ndiyo, anakuja Jumamosi.

Alikuja kwa gari, suti ya kijivu, fimbo yenye kichwa cha shaba, na binti yake amemshika mkono. Alikuwa amezeeka vizuri. Hakumtambua wifi yangu. Hilo nadhani ndilo lililommaliza. Alimpa mkono, akasema, "Karibu sana, mheshimiwa," sauti laini kama ya muuguzi, akaanza.

Ana namna yake ya kutembeza, hataki watu wasimame kama magunia. Ukiwa naye utagusa, utavuta, utanusa. Masijala aliwapanga wageni kando ya madirisha. "Wageni wetu, hewa humu ni nzito. Naomba mnisaidie. Mama, tufungulie hilo la kwanza." Mama mmoja akafungua, watu wakapiga makofi. La pili alifungua mwanafunzi wa chuo, la tatu bwana mmoja mnene, la nne na la tano vivyo hivyo. Upepo ukaingia. "Na la sita," akasema wifi, "ni la mgeni rasmi."

Msajili akatabasamu, akampa binti yake fimbo, akaweka viganja. Akasukuma. Watu wakacheka kidogo kwa upendo. Akasukuma tena. Bwana mnene akasema, "Limekwama, mheshimiwa, nikusaidie?"

"Usimsaidie," wifi akasema. "Hili analijua mwenyewe. Ndilo alilosema karani wake aliliacha wazi. Jaribu tena, mheshimiwa."

Na yeye akajaribu tena! Sijui kwa nini. Labda kwa mazoea ya kutazamwa. Kicheko kilikatika. Wifi akamwita Brashi aonyeshe misumari kwa kidole, aonyeshe kijani kwa kidole. Kisha yeye mwenyewe akanyoosha kidole chake kilichokakamaa kwa sabuni darini, kwenye lile duara. "Juu ya hapa kuna nini, mheshimiwa?"

"Hayo ni mambo ya zamani," Msajili akasema.

"Ndiyo kazi yetu hapa. Tupande ngazi."

Aliwapandisha wote. Alimsubiri Msajili kila kidato, hakumharakisha, hakumpa kiti. Juu, akaonyesha zile mbao tano, akaonyesha beseni, akaliwekea kidole bomba. Watu arobaini walikuwa wanamtazama mzee yule na mzee yule anatazama bomba, na ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamika ameonewa, "Lilikuwa bomba tu, jamani. Nilikuwa na watoto wadogo."

Binti yake akaachia mkono wake. Nilimwona akiuachia.

"Asante," wifi akasema. "Karani huyo ni mimi. Sasa tuendelee, bado vyumba vinne." Akawatembeza vyote vinne. Nusu saa nzima, na Msajili akafuata, kwa sababu gari lilikuwa upande wa pili na njia ya kutokea ni moja. Mimi roho yangu ilikuwa inacheza ngoma. Mwenye kutaka kunilaumu anilaumu.

Ile picha bado ipo ukutani. Wifi alikataa ishushwe, maandishi tu ndiyo yamebadilishwa. Na kila Jumamosi wageni hufungua madirisha matano, na la sita husukumwa na kila mmoja kwa zamu yake, kisha huambiwa. Mji ukashika, kama unavyoshika. Watoto wakipita barabara ya juu husimama kwenye geti la Msajili na kuuliza, "Mzee, umefunga bomba?" Hatoki tena nje.

Mwezi uliopita binti yake alikuja. Alikaa jikoni kwetu, mikono magotini, akamwamkia wifi kwa adabu zote. "Shangazi, baba amekosa, sisi sote tunajua. Lakini ni mzee, hali chakula vizuri. Tunaomba hicho kipande kitolewe kwenye matembezi. Basi imetosha."

"Mwanangu," wifi akasema, na alikuwa anamhurumia kweli, alimwongezea chai. "Mimi nimeitwa Bi Dirisha miaka thelathini na moja. Baba yako ana mwaka mmoja. Mwambie imebaki thelathini."

Binti alipoondoka nikamwambia wifi amezidi. Mzee yule hafiki miaka thelathini, hata yeye wifi hafiki. Nikamwambia sasa mwachie Mungu, jina lako limesafika, unataka nini tena? Nilijiona nimenena.

Alikuwa anasuuza kikombe. "Ofisi ile ilikuwa wazi miaka miwili baada ya kunifukuza," akasema. "Kila mtu alikuwa anaingia. Wewe uliingia mara ngapi?"

Niliingia mara mbili, kufuatilia hati ya kiwanja chetu. Nilisimama kwenye dirisha la tano.

"Nilikwambia halifunguki. Usiku ule ule, hapa jikoni. Ulilisukuma?"

Tangu siku hiyo amenipangia zamu. Jumamosi moja yeye, Jumamosi moja mimi. Wageni wakishalisukuma dirisha la sita, wakishaonyeshwa misumari, kijani, dari na bomba, kuna maneno ya mwisho aliyoniandikia kwenye karatasi, na nayasema nikijielekezea kidole mwenyewe kifuani, kama sheria inavyotaka: "Mimi ni wifi yake. Aliniambia, na nilikuwa nakaa dakika kumi kutoka hapa. Sikuja kulisukuma." Yeye hukaa kwenye benchi la mlangoni, miwani yake ya uzi mapajani, anasikiliza kama nimeruka neno.